Ufito wa Aliyeketi

Boti niliiuza Machi, na injini yake, na trela,
nikalipia goti la kushoto.
Daktari akanipa chuma kipya, nami nikajinunulia kayaki
ya rangi ya haradali, futi kumi na mbili,
nyepesi kiasi cha mwanamke wa miaka sitini na minne
kuiburuta majini bila kumwita jirani.

Fito zangu za zamani zilinikana siku ya kwanza.
Zilizoea mtu aliyesimama.
Juu ya boti nilikuwa mnara;
sasa kiuno changu na ziwa ni majirani wa ukuta mmoja.
Ule wenye mpini mrefu ukanasa kwenye jaketi la kuokolea,
ukanipiga mbavu kila nilipotupa chambo.
Ule mfupi, wa kuvulia gatini,
haukufika puani pa kayaki:
besi alizunguka mbele, mshipi ukasaga plastiki,
krrr,
nikabaki na ncha inayotikisa kichwa
kama mtu anayekana deni.

Na maziwa yetu haya ya Michigan magharibi,
ikifika Juni, yameziba.
Magugu kutoka chini, mayungiyungi kutoka juu,
kijani tupu, shamba lisilo na mkulima,
na besi ndani yake, mnene, amejifungia chumbani.

Jumamosi nikaenda dukani kwa Voskuil.
Fito themanini zilisimama ukutani
kama watoto wa basi la shule nililoliendesha miaka ishirini na sita,
kila mmoja anataka kukaa nyuma.
Kijana Garrit akanishushia wa bei ya kutisha.
"Mwepesi kama unyoya, Bi Nadine."
Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, mwanangu.
Niletee ndoo.
"Ndoo?"
Tupu. Nikaifudikiza, nikaikalia; bado nilikuwa juu mno.
Basi nikaketi sakafuni, miguu nimeinyoosha,
goti la chuma likinung'unika,
nikamwambia: Simama pale, mbele ya viatu vyangu.
Wewe ni pua ya kayaki.

Wanaume wawili kwenye friji ya minyoo wakanyamaza.

Futi sita na nusu: ncha ikamchoma Garrit tumboni.
Futi nane: ikamzunguka vizuri,
lakini mkono wangu ukachoka kabla ya salamu.
Futi saba na inchi tatu, mpini mfupi:
ikapita hata shati lisijue.

Hapo Lyle Bouma, mmoja wa wale wawili,
akaacha minyoo yake, akashika mwisho wa mshipi,
akawa samaki. Hakuna aliyemwomba.
Alivuta kwa dhati, akachuchumaa chini ya rafu ya mabuti,
na ufito wa kwanza niliomjaribia ukapinda hadi mkononi, tambi iliyoiva.
Kwa ufito wa namna hiyo magugu yanakupa kachumbari, samaki hawakupi.
Ule wa saba na inchi tatu ulipinda theluthi ya juu tu,
kisha ukakataa.
Huu una uti wa mgongo, nikasema.
"Nimeuhisi hadi kwenye meno," akajibu Lyle, bado amechuchumaa.

Siku ya Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
chura wa mpira akiruka juu ya majani,
maji yalifunguka, yakafunga.
Nikakaza. Besi akazama chini ya mashina,
uzi wa kusokotwa ukayakata kwa sauti ya msumeno mdogo,
na ufito ukasimama pale pale ulipokataa dukani.
Samaki hakuja.
Mimi ndiye niliyekwenda:
kayaki ikateleza juu ya mayungiyungi, polepole,
mimi na makalio yangu yaliyolowa,
hadi mlangoni kwake.
Nikamwinua na kilemba cha magugu, ratili nne, labda tano;
mizani niliisahau nyumbani. Nikamrudisha.

Jumatatu Lyle akapiga simu
kuuliza namba iliyoandikwa kwenye mpini.
Anasema goti lake la kulia nalo
limeanza.